Hedifoni Badala ya Ng'ombe

S.L.P. 318,
Bungoma.
12 Juni 2004

Kwa mpwa wangu Pauline Nasimiyu,

Nakusalimu kwa jina la yule aliyetuletea mvua wiki hii, ingawa aliileta kwa upande mmoja: shamba la jirani limelowa, letu liko vile vile. Mama Ivy anakusalimu. Ivy amepita mitihani yote isipokuwa hesabu, na kwa kuwa hesabu hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuipita, hatukumgombeza. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume. Mimi ni mzima kabisa.

Barua yako ya kuolewa nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mjomba, mara ya pili kama mwalimu. Makosa ni manne. Huyo Tonny simjui, lakini mtu anayeuza mbegu za mahindi hawezi kuwa mbaya sana, maana akidanganya mwezi wa tatu atajulikana mwezi wa saba.

Umesema baba yako kule Kimilili ameshakubali na aliyebaki ni mimi. Ni kweli. Kwetu binti hatoki nyumbani kabla khocha wake, ndugu wa mama, hajapewa kitu chake na kutamka baraka. Marehemu mama yako alitolewa hivyo hivyo. Tonny anauliza nataka ng'ombe wa rangi gani. Mwambie sitaki ng'ombe. Ninaye mmoja na usumbufu wake unanitosha.

Nataka hedifoni. Si zile za kusukuma ndani ya sikio kama pamba. Nataka za kufunika masikio, za kusikilizia muziki, zitakazoingia kwenye ile wokmeni ya kaseti waliyonipa walimu wenzangu nilipostaafu. Zilizokuja nayo zilitafunwa na mbuzi. Wewe unafanya kazi katika duka la redio, unajua nzuri na mbaya. Bei isizidi ya mbuzi mdogo, kwa sababu sitaki kijana aingie kwenye ndoa akiwa na deni langu.

Sababu ya kuzitaka ni yangu. Nikiridhika nazo nitatamka baraka, na kwaya nitaileta mimi mwenyewe ije ikutoe. Nisiporidhika, tutangoja.

Ni mimi mjomba wako,
Mwl. Hillary Wabwile (mstaafu)


S.L.P. 77,
Kitale.
24 Juni 2004

Mjomba mpendwa,

Shikamoo wewe, na Mama Ivy, na huyo ndama. Huku kwetu ni baridi. Asubuhi mtu anaangalia beseni la maji kwanza kabla ya kuamua kama uso ni mchafu kweli. Mahindi yamefika kiunoni. Mama mwenye nyumba ninayopanga bado anakohoa na bado anakataa dawa.

Tonny alisoma barua yako mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hedifoni ni aina gani ya ng'ombe?" Nikamweleza. Akafurahi kwa muda mfupi, halafu akaanza kuwa na wasiwasi, akasema afadhali ng'ombe, maana ng'ombe hata akikonda anajulikana ni ng'ombe.

Nilimwambia Bwana Bashir, mwenye duka, kwamba nina mjomba anayetaka kitu kizuri kwa bei ya mbuzi mdogo. Akasema, "Zipo. Lakini usisome boksi. Boksi ni la muuzaji, sikio ndilo la mnunuzi." Akapanga aina sita juu ya kaunta, akatoa kaseti ya udi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kila kitu dukani hukipima kwa kaseti hiyo. Anasema ukipima kwa wimbo usioujua, utachagua zenye kelele ukidhani ndizo zenye sauti.

Tulisikiliza adhuhuri nzima. Mbili zilikuwa na besi ya kutikisa meno, udi wenyewe ukazama humo usionekane tena. Moja ilibana kichwa mpaka nikasahau kusikiliza. Nyingine ilikuwa na jina la kampuni kubwa kasoro herufi moja. Nimekuchagulia hizi nyeusi zenye sponji nene. Hazijigambi, lakini unasikia kidole kikigusa uzi kabla uzi haujalia. Waya nimeukunja pale kwenye pini, mara ishirini, sauti haikukatika.

Zimeandikwa L upande wa kushoto na R upande wa kulia. Arusi ni Jumamosi tarehe 11 Desemba. Ukizipata, pigia simu duka tusikie.

Mpwa wako,
Pauline


S.L.P. 318,
Bungoma.
10 Julai 2004

Kwa Pauline,

Salamu. Hapa wote hawajambo isipokuwa Mama Ivy, ambaye ameanza tabia ya kuniita kutoka jikoni mara tatu halafu anakuja kunigusa bega. Nimemwambia mara moja inatosha kama ana la maana. Ndama tumempa jina Tonny. Si kwa ubaya.

Hedifoni zimefika. Zinapendeza, na zinakaa vizuri hata juu ya kofia. Lakini nikuambie ukweli kwa kuwa u damu yangu: upande wa kushoto umekufa. Kulia kunaimba vizuri ajabu, nasikia mpaka wanaume wa besi wakimeza mate. Kushoto hakuna kitu. Nilizivaa kama zilivyoandikwa, L kushoto, R kulia. Nikabadilisha betri. Nikageuza kaseti. Nikamvika Mama Ivy, akasema anasikia vizuri pande zote mbili, lakini Mama Ivy husema hivyo kuhusu kila kitu.

Nazirudisha kwa dereva wa matatu yule yule aliyezileta. Usigombane na Bashir. Mwambie tu kwamba hata Bungoma kuna watu wenye masikio.

Simu sipigi. Watu wa simu siku hizi wananong'ona.

Mjomba wako,
Mwl. H. Wabwile


S.L.P. 77,
Kitale.
22 Julai 2004

Mjomba mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nguvu za kutosha kukosoa herufi zangu. Tonny ameheshimika kwa jina la ndama. Mama mwenye nyumba amekubali dawa lakini anaipaka badala ya kuinywa.

Hedifoni zilifika nikazivaa hapo hapo. Nilisikia kushoto, nikasikia kulia. Bashir akazivaa, akasikia. Tukamwita Nimo, fundi wa nguo wa mlango wa pili ambaye ndiye anayenishonea gauni, akazivaa akaanza kucheza udi huku ameshika mkasi. Bashir alitaka kuzirudisha kwako na ujumbe. Nilimwomba asifanye hivyo. Nikamwambia wewe ni mjomba, si mteja.

Kwa hivyo nimekutumia nyingine. Hizi ni nyepesi, mgongo wake una vitundu, hewa inapita na sikio halitoki jasho. Ubaya wake ni kwamba aliye karibu atasikia unachosikiliza. Bashir anasema kwa uimbaji wa kwaya ni nzuri kuliko zile za kwanza, maana sauti zinakuwa kama ziko chumbani, haziko ndani ya kichwa.

Mjomba, unasikiliza kaseti gani? Ukinitumia nitapima nayo hapa, tusihangaike.

Pauline wako


S.L.P. 318,
Bungoma.
19 Agosti 2004

Mpwa wangu,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya maharagwe. Tumevuna magunia mawili, nusu ya mwaka jana. Ivy amerudi likizo na hesabu yake. Mimi ni mzima.

Zile nyepesi nazo kushoto kumekufa.

Kaseti haitoki nyumbani. Iko moja tu duniani. Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakueleza, na ukishajua usilie dukani.

Mwaka wa 1979 nilikuwa nafundisha Misikhu, na nilikuwa na kwaya. Alikuja mgeni mmoja mwenye mashine ya kunasa sauti na maikrofoni mbili. Moja aliiweka kushoto mbele ya wanawake, nyingine kulia mbele ya wanaume. Tuliimba wimbo wa kumtoa binti nyumbani kwao. Mama yako Bilha alisimama mwisho wa mstari wa kushoto. Alikuwa na mimba yako ya miezi sita, kwa hivyo hata wewe umo. Ubeti wa tatu, ule ambao mama anamwambia binti yake maneno ya mwisho, aliutunga yeye, na haukuandikwa popote. Kwenye arusi huwa hatuufikii. Mimi sikuwahi kuujua, kwa kuwa siku zote nilikuwa naangalia besi wasipotee.

Waliosimama naye wameolewa mbali au wametangulia. Kwenye redio ya sebuleni besi wanawafunika wanawake kabisa. Nikawaza kwamba kwa hedifoni nzuri nitausikia upande ule peke yake, niandike maneno, niifundishe kwaya, tukutoe kwa ubeti wa mama yako.

Sasa kushoto hakuna kitu kwa hedifoni zote mbili. Naogopa kaseti imeanza kufutika, na imeanzia upande wake.

Mjomba wako,
H. Wabwile


S.L.P. 77,
Kitale.
30 Agosti 2004

Mjomba,

Nisamehe, salamu leo ni fupi. Sote wazima. Nililia dukani. Bashir alifunga mlango wa mbele akaandika "Tunahesabu mali," ili nimalize.

Mama alipokufa nilikuwa na miaka kumi na nne. Nakumbuka mikono yake na jinsi alivyofunga leso, fundo kwa nyuma, upande kidogo. Sauti yake imenitoka. Najaribu kuikumbuka nasikia yangu mwenyewe. Sikujua kuna mahali imewekwa.

Kwa nini Mama Ivy asivae akuandikie maneno? Alisema anasikia pande zote mbili.

Tonny ameongeza bei ya mbuzi wa pili, na nimekutumia zile kubwa zilizokaa juu kabisa ya kabati la Bashir. Zinafunika sikio lote na bawaba zake ni za chuma. Tumezipima watu watano. Bashir amenionyesha pia jinsi mafundi wanavyotambua upande uliokufa ni wa hedifoni au si wa hedifoni. Ni jambo dogo, halichukui hata dakika. Nitakuambia ikibidi. Naomba isibidi.

Na Mjomba, tarehe 11 Desemba haiwezi kusogezwa hata kwa wiki moja. Nimo amenipima gauni na amesema mwili wangu ukisubiri, gauni halitasubiri. Usiniulize zaidi ya hapo.

Pauline


S.L.P. 318,
Bungoma.
2 Oktoba 2004

Kwa Pauline,

Salamu kutoka kwa watu wote wa hapa. Wapo wengi. Mwezi uliopita mchungaji na katibu wa akina mama walikuja kunitembelea, wakakaa kushoto kwa meza, na kwa kuwa hawakuongea vizuri nilijibu ndiyo. Jumamosi nikaamka nikakuta wanawake sitini na sufuria zao uani kwangu. Kumbe ni mkutano wa mwaka. Tulichinja jogoo wote.

Kuhusu Mama Ivy kuandika: ubeti wa dada yangu hauandikwi na mtu anayeusikia huku akichambua mboga. Nataka kuusikia mimi.

Hedifoni kubwa zimefika. Ni nzito, ni za kifahari, mchungaji alidhani ni za mambo ya ndege. Kushoto kumekufa. Sasa ni mara ya tatu, na mimi najiuliza kama huko Kitale watu huuza vitu vya upande mmoja kwa makusudi.

Kwaya nimeipumzisha. Sauti ya kwanza wamekuwa wavivu sana, naona midomo ikifunguka tu. Nimewaambia warudi wakipata sauti. Kwa hivyo naona tusogeze arusi mpaka Aprili. Mbegu zitakuwa zimeuzwa, Tonny atakuwa na nafasi, na labda viwanda vitakuwa vimejifunza kutengeneza upande wa kushoto.

Baraka zipo, hazijaoza. Hazijatamkwa tu.

Mwl. H. Wabwile


S.L.P. 77,
Kitale.
11 Oktoba 2004

Mjomba,

Shikamoo. Huku ni wazima.

Nimekasirika, na ninakuandikia nikiwa nimekasirika kwa sababu nikipoa nitanyamaza tena, na nimenyamaza tangu mwezi wa saba.

Vaa hedifoni kinyume. Ile ya L iweke sikio la kulia. Ile ya R iweke sikio la kushoto. Washa kaseti. Ndivyo Bashir anavyopima. Kama ubovu ni wa hedifoni, utahama uende kulia. Kama ubovu ni wa kaseti, vivyo hivyo. Usipohama, basi ubovu hauko kwenye kitu nilichokutumia.

Usiniandikie ulichogundua, si lazima nijue. Niandikie tu kama tarehe ni ile ile.

Pauline


S.L.P. 77,
Kitale.
3 Novemba 2004

Mjomba mpendwa,

Wiki tatu hujajibu. Safari hii sidhani ni maharagwe.

Kama nilikukosea heshima, nisamehe. Sikukuambia mapema kwa sababu sikujua mpwa anaanzaje kumwambia mjomba wake jambo kama lile. Bashir alinilaumu. Akaniambia, "Wewe bana, daktari angekuwa na adabu kama yako wagonjwa wangekwisha." Lakini yeye si mpwa wako.

Mama mwenye nyumba amepona kikohozi, kwa hivyo sasa anasikia mengi, na ameniuliza mbona asubuhi sinywi chai. Nimo amelifumua gauni kiunoni kwa mara ya pili. Sasa nimekuambia bila kukuambia. Kama ni hasira, basi unazo sababu mbili, chagua moja.

Mjomba, naweza kuolewa bila gauni lile. Bila baraka zako siwezi. Baba amesema hivyo, na hata asingesema. Mama hayupo, na katika damu yake uliyebaki ni wewe. Naogopa.

Mpwa wako,
Pauline


S.L.P. 318,
Bungoma.
15 Novemba 2004

Mpwa wangu Pauline,

Salamu. Mvua imenyesha, safari hii pande zote. Ndama Tonny amejifunza kufungua mlango wa zizi na sasa hakuna siri shambani. Mama Ivy haniiti tena kutoka jikoni. Anakuja mpaka mbele ya uso wangu, na nimegundua kwamba hajabadilika sana.

Barua yako ya Oktoba niliifungia kwenye sanduku la chaki. Nilikasirika. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na jambo la kwanza unalomfundisha mtoto wa darasa la kwanza ni kwamba kushoto ni kushoto. Kwamba kitu cha kushoto kinaweza kusikika kulia halikuwahi kunijia, na lilipoletwa na mtu niliyemfundisha kufunga viatu lilinichoma. Kisha ikaja barua ya pili. Hiyo niliisoma kama mjomba tu, makosa yake siyajui. Jumanne baada ya chai nikaenda kukaa nyuma ya ghala, nikavaa L kulia.

Besi wakanyamaza. Wanawake wakaja.

Nitasema ukweli mara moja, usinirudishe hapo tena. Sikio la kushoto lilianza kuniaga Pasaka ya mwaka jana, na ilipofika Krismasi lilikuwa limekwenda. Nilijua. Niliogopa. Mwalimu wa kwaya wa sikio moja hupewa shukrani na blanketi, na mimi blanketi ninazo. Kwa hivyo nikasema hedifoni ni mbovu, na kufikia mara ya tatu nilikuwa karibu kuamini. Nilikuwa tayari kuwachelewesha wewe na mtoto mpaka Aprili ili nisijulikane. Hilo nakuomba radhi, na ndilo la kwanza kuomba tangu nistaafu.

Mwombe Bashir radhi pia. Hedifoni zote tatu zilikuwa nzuri. Kama zile nyeusi za kwanza hajaziuza, nirudishie hizo, maana ndizo bora. Hizi kubwa zinaniumiza shingo, na Tonny achukue mbuzi wake mmoja arudi naye nyumbani.

Sasa nikuambie nilichosikia. Kabla ya wimbo kuna mtu anakohoa, kuna benchi linaburutwa, halafu sauti ya mama yako. Haimbi. Anamwambia mwenzake, chini chini, "Huyu ndugu yangu ataharakisha tena." Na wanawake wanacheka kwa pua. Miaka ishirini na tano wanacheka humo ndani na sikuwahi kuwasikia, hata nilipokuwa na masikio mawili.

Kisha wimbo unaanza na, Pauline, naharakisha kweli. Ubeti wa kwanza tunatembea, wa pili tunakimbia, na wa tatu ninaubeba kama mtu aliyesikia chakula kimeiva. Ndiyo maana kwenye arusi hatuufikii. Wengine wote wananifuata. Mama yako hanifuati. Anaimba kwa mwendo wake, na maneno yake ni haya, nimeyatoa kwa Lubukusu kama nilivyoweza:

Nenda polepole, binti yangu, njia haihami.
Aliyekungoja mavuno mawili
hashindwi kukungoja hatua mbili.

Hapo mimi na besi tumeshamaliza. Nimeshusha mikono. Unasikia watu wameanza kupiga makofi. Yeye bado ana mstari mmoja, na anauimba peke yake juu ya makofi, wala haongezi mwendo:

Na ukifika, geuka nikuone.

Nililia, na Mama Ivy alipokuja alidhani zimenibana. Nikamvika naye. Akasema anasikia vizuri. Safari hii nilimwamini.

Kwaya nimeirudisha. Nimewahamisha wanawake wote kulia kwangu, na besi kushoto, ambako hawanipunguzii kitu. Nikawaeleza kwa nini. Nakhungu, mmoja wa sauti ya kwanza, akasema, "Mwalimu, si tulijua tangu Pasaka." Nikauliza mbona hakuna aliyeniambia. Akasema, "Tulikwambia, bana. Ulikuwa umetugeuzia kushoto." Hawakunipa blanketi.

Habari ya Aprili ifute. Mwambie Nimo aache nafasi ya kutosha kwenye gauni. Naona katika ukoo huu si mimi peke yangu niliyeharakisha. Mama yako angekusema, angekusema sana, kisha angekufungia leso.

Baraka nazitamka hapa kwa maandishi, na Kimilili nitazitamka kwa mdomo mbele ya baba yako: nyumba yako iwe na moto na chumvi, mtoto aje salama, na mumeo aongee akiwa amesimama mahali unapomsikia. Kitu cha khocha nimepokea. Nimeridhika.

Tarehe 11 Desemba nitakuja na kaseti mfukoni. Kabla hujatoka ndani utakaa chini, uvae hedifoni jinsi zilivyoandikwa, kwa kuwa wewe masikio unayo yote, umsikie mama yako kuanzia pale anaponicheka. Watu wote uani watangoja. Ukiwa tayari, utafungua mlango, nasi tutaimba beti zote tatu. Ule mstari wa mwisho nitawaacha wanawake wauimbe peke yao, nikiwa bado nimeinua mikono.

Sitaharakisha.

Mjomba wako,
Hillary Wabwile